Mwezini Kusiko na Moto

Miongoni mwa ngano za Wachaga wa miteremko hii iliyo juu yetu sisi wakazi wa Njoro, sijui imfaayo mtunzi wa hadithi za ajabu kuidurusu kuliko ile ya Murile, ambayo Alice Werner aliitia katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu mwaka 1933. Kwani msimulizi wake, pasipo kutaja chombo wala mtambo wowote, amemfikisha kijana katika nchi ya Mwezi, nasi tukasadiki.

Tutazame safari ianzavyo. Murile alilificha gimbi katika shimo la mti, nalo likageuka mtoto. Mama yake akamwua mtoto yule. Murile kwa majonzi akakikalia kigoda cha babaye, akakiamuru kipae kama mzinga wa nyuki uvutwavyo kwa kamba hadi tawini. Kila msikilizaji wa mlimani amekwisha kuuona mzinga ukipanda, ukiyumba na kusita, hata jicho lake limeridhika kabla akili haijauliza ni nguvu gani ikiinuayo kigoda.

Mwezini kumeondolewa kitu kimoja tu, nacho ni moto. Wenyeji wana mfalme, wana mifugo, ila wanakula vibichi. Na katika upungufu huo mmoja yanazaliwa yote yafuatayo: mgeni anastaajabu, anapekecha ulindi, anachoma chakula, wanaonja, wanamlipa ng'ombe na mbuzi.

Shaaban Robert, aliyeiweka Kusadikika yake angani mwaka 1951, alishika njia nyingine, ya kuwajenga watu kwa majina yao. Njia hiyo ilifaa mashauri ya barazani, lakini waziri aitwaye Majivuno hana nafasi ya kutushangaza, kwa kuwa jina limekwisha kumhukumu.

Mama yake Murile hana jina la kumhukumu. Fahali aliyembeba kijana wakati wa kurudi alimwekea sharti asile nyama yake kamwe. Fahali alipochinjwa, mama, kwa kumwonea huruma mwanawe asije akakosa tunu aliyoitaabikia mwenyewe, akaficha mafuta ya fahali ndani ya unga; Murile akala, na ardhi ikammeza. Mkono ule ule uliomtoa nyumbani kwa ukatili ndio uliompoteza kwa mapenzi, hivyo kwamba sharti la ajabu halikuvunjwa na mchawi wala adui, bali na mzazi aliyekuwa akimwandalia mwanawe chakula.