Dume Anayejibu Asije: Namna Bata Mzinga Mwitu Anavyopatikana

Kila majira ya kuchipua, katika misitu ya Georgia, Missouri na Pennsylvania huko Marekani, wawindaji huwa na bata mzinga mmoja wanayemsimulia kuliko wote waliowahi kuwapiga. Ni yule dume anayejibu kila aitwapo, akanguruma kutoka nyuma ya kilima alfajiri nzima, na asisogee. Kesho yake ni vivyo hivyo. Mwishowe hupewa jina la mtu, na pamoja na jina hupewa akili ya mtu: anatujua, anatucheza shere, ameshahitimu. Hoja yangu ni kwamba akili hiyo haitoshi kueleza kinachotokea. Dume huyo hakatai wito, anamngoja aliyeita. Mwindaji anamtaka afanye kinyume cha desturi ya jamii yake, naye anabaki ndani ya desturi hiyo. Ndiyo maana wanaompata hatimaye huwa, mara nyingi, wamebadili mahali walipokaa na saa waliyokaa, huku ufundi wao wa kuita ukiwa ni uleule wa wiki iliyopita.

Tumtenge kwanza na yule wa uani. Bata mzinga wa kufugwa, anayenenepeshwa kwa ajili ya Krismasi, ni uzao wa ndege wa Mexico waliofugwa karne nyingi kabla Wahispania hawajawapeleka Ulaya katika karne ya 16. Wa mwitu ni mrefu wa miguu na mwembamba wa shingo. Dume mzima ana kilo 7 hadi 11, hukimbia kuliko binadamu wengi, huruka kwa kishindo anapobanwa, na usiku hulala juu ya miti. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo kwa kugeuza shingo kidogo tu ameshaona pande zote. Huona rangi nyingi kuliko sisi, na masikio yake, ingawa hayana ndewe, humwonyesha sauti inatoka wapi kwa usahihi unaoshangaza. Kitu pekee alichonyimwa ni pua. Wawindaji husema angekuwa na pua ya kulungu, hakuna ambaye angempiga.

Historia ya kumrudisha ndege huyu porini inatoa ushahidi wa kwanza wa hoja hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilikuwa imefyekwa na uwindaji wa biashara ulikuwa umewamaliza katika majimbo mengi. Makadirio ya waliobaki nchi nzima hayafiki 200,000. Jaribio la awali lilikuwa kuwazalisha mabandani na kuwaachia msituni. Walikufa kwa maelfu, kwa sababu ndege aliyelelewa bila mama wa porini hakujua alale wapi wala amwogope nani. Mambo yalibadilika miaka ya 1950, pale maofisa wa South Carolina walipoanza kuwanasa ndege wa mwitu wenyewe kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya ndege wa majini, kisha kuwahamishia misitu iliyokuwa mitupu. Kufikia mwanzoni mwa karne hii idadi ilikuwa imepita milioni 6. Kwa hiyo tahadhari tunayoiita ujanja wa dume mmoja wa nyuma ya kilima ndiyo iliyoiokoa jamii yote. Kila ndege aliye hai msituni leo anayo. Kinachomtofautisha dume mkaidi na wenzake tukitafute kwingine.

Tukitafute katika ratiba yake ya asubuhi. Dume huanza kunguruma akiwa bado mtini, kabla jua halijachomoza, kwa mlio wa kubwata unaoweza kusikika zaidi ya kilomita moja. Mlio huo ni tangazo la mahali alipo. Kunapopambazuka hushuka chini, akajitutumua: anatanua mkia kama upepeo, anaburuza mabawa, kichwa chake kinageuka chekundu, cheupe na buluu. Majike waliolala miti ya jirani hushuka na kumwendea. Hiyo ndiyo kanuni: dume hutangaza, jike huenda. Sasa mwindaji anaketi chini ya mti mita 200 mbali, amevaa nguo za mabaka hadi usoni, na kwa kibweta cha mbao anatoa mlio wa jike. Dume anamsikia na anamjibu, maana yake: niko hapa, njoo. Mwindaji anaita tena. Kwa dume, jike huyo amesikia, anaitika, basi yuko njiani. Kila mlio unaoongezwa unampa sababu nyingine ya kutulia pale pale. Mwindaji anayeita bila kupumzika kwa kuwa anajibiwa bila kupumzika anamfunga dume miguu kwa mdomo wake mwenyewe.

Hata dume anayekubali kusogea huwa na kikomo, na hapa ndipo wengi hupotezewa asubuhi zao. Anakuja hadi mita 70 au 80, anasimama, anajitutumua, anatembea huku na huku kama askari wa zamu, halafu anaondoka. Bunduki ya marisau kwa kawaida humpata kwa uhakika ndani ya mita 35 hadi 40, na mlengo ni kichwa na shingo peke yake, kwa sababu mwili wake una manyoya na misuli ya kuzuia vipande vidogo. Kwa nini asimame kule kule nje ya mlengo? Wengi husema amepima umbali wa bunduki. Kuna maelezo mepesi zaidi yanayolingana na macho yake. Masikio yameshamwambia jike yuko karibu na mti ule. Akifika mahali anapoweza kuuona mti wenyewe, na jike haonekani, hana sababu ya kuongeza hatua. Katika msitu ulio wazi au pembezoni mwa shamba, mahali hapo huwa mita 70. Katika kichaka kinene huwa mita 25. Umbali wa kusimama unaamuliwa na ardhi, na ardhi mwindaji anaweza kuichagua.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na inastahili kuelezwa kwa kituo. Mwindaji anayejua anachofanya haketi penye mandhari nzuri ya kuona mbali. Anatafuta kona ya njia ya magogo, mgongo wa kilima, au tuta ambalo dume akilipanda na kuchungulia atakuwa ameshaingia ndani ya mita 35. Anampa umbali wa kuona ulio sawa na umbali wa kupigwa. Anakagua pia vizuizi kati yao. Kijito cha kuvukika kwa hatua mbili, ua wa waya au korongo dogo humsimamisha ndege ambaye angeweza kuruka bila taabu, kwa kuwa katika desturi yake mwenye kuvuka ni jike. Jawabu ni mwindaji kuvuka yeye usiku, akaketi upande wa dume kabla hakujakucha. Na kama ni dume aliyekwisha kusimama mahali pamoja kwa asubuhi kadhaa, mahali hapo ni uwanja wake wa kujionyesha; afadhali kuketi kando ya uwanja wenyewe na kunyamaza kuliko kumwomba auache. Wapo wanaoona kuotea namna hiyo ni uvivu. Mimi naona ni kusoma alama za mabawa yaliyoburuzwa mchangani na kuziamini.

Kuna mbinu moja ya sauti inayofanya kazi, na inafanya kazi kwa sababu ni mbinu ya mahali. Wawindaji wawili hujipanga: mpigaji mbele, mwitaji mita 50 nyuma yake. Dume akisimama mita 70 mbele ya mwitaji, yuko mita 20 mbele ya bunduki. Mwitaji akianza kurudi nyuma polepole huku akitetea kwa sauti ya chini na kukwaruza majani makavu, dume anasikia jike anayeondoka, na jike anayeondoka ndiye pekee anayefuatwa. Vyombo vyenyewe si siri. Kibweta cha kukwaruza kwa kifuniko kilipewa hataza mwaka 1897 kwa jina la Henry Gibson wa Arkansas. Kabla yake wenyeji wa Amerika walikuwa wakifyonza hewa kupitia mifupa ya bawa la ndege huyo huyo. Leo wengi huweka utando wa mpira kaakaani ili mikono ibaki kwenye bunduki. Jike halisi aliyeko msituni mara nyingi huita kwa sauti mbovu ambayo isingepata zawadi katika shindano lolote la kuita, na bado dume humjibu.

Upande wa saa, hesabu iko kwa jike. Anataga yai moja kwa siku au karibu hivyo hadi yafike kumi au kumi na mawili, na katika kipindi hicho humwacha dume asubuhi inapokomaa ili aende kwenye kiota. Akishaanza kuatamia hukaa siku 28. Dume aliyezungukwa na majike saa kumi na mbili hana haja na sauti ya mbali. Saa nne au saa tano dume yule yule yuko peke yake, na anaweza kuja kwa mwendo wa kasi akiitwa mara mbili tu. Wawindaji wengi wakati huo wako mezani wanakunywa kahawa na kumsifu kwa ujanja. Pennsylvania hufunga uwindaji saa sita mchana katika wiki mbili za mwanzo wa msimu, kwa hiyo nafasi hiyo ni finyu, ila ipo.

Pingamizi la kwanza ni la wazi: kama desturi ni jike kwenda kwa dume, mbona madume wengine huja mbio? Ni kweli wanakuja, na mara nyingi ni wachanga, wa mwaka mmoja au miwili. Hawana majike, na wana haraka. Hapa utafiti wa Alan Krakauer, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005, unasaidia. Huko California aliona madume ndugu wakijitutumua pamoja mbele ya majike, lakini mwenye kupata watoto akawa yule aliye juu. Wa chini walimsaidia bila kupanda jike hata mmoja. Cheo, basi, ni kitu kizito katika maisha ya ndege huyu. Dume mkubwa hatoki kwa sababu majike humjia; dume wa chini huweza kuja kimya na kusitasita kwa hofu ya kupigwa na mkubwa. Wote wawili wataitwa wakaidi na mwindaji mmoja, na hakuna kati yao anayemfikiria mwindaji.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaouza na kununua vifaa. Ndege wa bandia, wanasema, humaliza tatizo la kuona, na marisau ya tangsteni, mazito kuliko ya madini ya risasi, hurefusha mlengo. Ndege wa bandia husaidia kweli, na husaidia kwa sababu ile ile ninayoitetea: anampa dume kitu cha kuona. Lakini sanamu ya dume aliyejitutumua humfukuza ndege wa cheo cha chini, na kumnyemelea dume kwa kutambaa ukiwa umejificha nyuma ya mkia wa bata mzinga katika msitu wenye watu wengine wenye bunduki ni kujitolea kuwa windo. Alabama tangu 2022 inakataza ndege wa bandia katika siku 10 za kwanza za msimu. Kuhusu tangsteni, mita zinazoongezeka ni chache na majaribu ya kupiga mbali yanaongezeka zaidi yake. Ndege aliyejeruhiwa anaruka na kufia asikopatikana.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, akiwemo Michael Chamberlain, wamewafunga ndege hawa vifaa vya GPS na kutega vinasa sauti msituni, na wameona kwamba milio ya madume hupungua katika maeneo yanayowindwa kuliko yasiyowindwa. Je, huko si kujifunza? Huenda kwa sehemu. Lakini kimya hicho kinaweza pia kutokana na kwamba waliokuwa wakinguruma sana ndio waliopigwa kwanza, na waliobaki walikuwa wakimya tangu mwanzo. Na hata tukikubali kwamba dume hujifunza, anachojifunza ni kunyamaza na kuhama pale anaposumbuliwa. Hilo linamwadhibu mwindaji anayeita sana kutoka mahali pale pale, na halimgusi aliyetangulia kuketi mahali pengine.

Ubishi wa sasa kusini mwa Marekani, ambako idadi imeshuka kwa miaka kadhaa, unahusu tarehe. Georgia mwaka 2022 ilisogeza mwanzo wa msimu hadi Aprili na kupunguza kiwango kutoka ndege watatu hadi wawili kwa mwindaji, kwa hofu kwamba kuwaua madume wakubwa mapema huvuruga uzazi. Kama hatua hiyo itaongeza vifaranga, hilo bado linajadiliwa. Lakini malalamiko kwamba kuchelewa kunamnyima mwindaji dume wake hayana msingi. Kadiri Aprili inavyosonga majike huzidi kuondoka kwenda kuatamia, na dume aliyekuwa akijibu bila kuja mwezi Machi ndiyo kwanza huanza kutembea.