Kukabia Juu, Kukabia Chini: Lugha ya Ulinzi katika Mchezo wa Kompyuta wa Football Manager

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya soka kwa Kiswahili yamelala upande wa bao. Mtangazaji hupaza sauti mpira unapolikaribia lango, na gazeti la kesho yake humpamba aliyefunga. Beki hutajwa zaidi anapokosea. Hata misimu ya mitaani inaakisi hadhi hiyo: nchini Tanzania mfanyakazi wa ndani huitwa "beki tatu", jina linaloweza kusomwa kama kumbukumbu ya kazi ambayo haionekani mpaka iharibike.

Makala haya yanauhakiki mchezo wa kompyuta wa Football Manager kwa kuutazama kama matini, hususani sehemu yake inayohusu uundaji wa mbinu za ulinzi. Hoja inayojengwa ni kwamba mchezo huu unamlazimisha mtumiaji wake kuutamka ulinzi kama sentensi yenye upatanisho, yaani mpangilio ambamo neno moja likibadilika, mengine hayana budi kulifuata. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha ambazo mchezo huo umetafsiriwa, lakini tayari kina nyenzo ya kisarufi inayoieleza kazi hiyo kwa wepesi. Ili kuepuka utata, neno "meneja" litamhusu mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, na "mchezaji" litamhusu yule anayekimbia ndani ya kioo.

2.0 Mchezo Uliozaliwa katika Maandishi

Mchezo huu ulibuniwa Uingereza na ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, na ulitoka mwaka 1992 ukiitwa Championship Manager. Baada ya kampuni yao, Sports Interactive, kuachana na mchapishaji wake wa awali, kazi iliendelea chini ya Sega, na tangu mwaka 2004 ikachukua jina la Football Manager. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo mechi haikuwa na picha. Meneja alisoma mistari mifupi ya maandishi: fulani ametoa pasi, fulani amepiga shuti, kipa ameokoa. Vidoti vinavyosogea juu ya uwanja vilikuja mwaka 2003, na wachezaji wenye umbo kamili wakaonekana katika toleo la 2009.

Historia hiyo inauhalalishia uhakiki wa lugha nafasi yake. Hapa meneja hapigi mpira wala hambonyezei mchezaji kitufe cha kukaba. Anachofanya ni kusoma, kuchagua maneno ya maagizo, kisha kusubiri kuona maneno hayo yatafasiriwaje na watu kumi na mmoja wenye uwezo tofauti. Sifa za kila mchezaji hupimwa kwa alama 1 hadi 20: kasi, umakini, kujipanga, kusoma mchezo, kufanya uamuzi. Agizo lilelile likipewa mabeki wawili wenye alama tofauti huzaa matendo mawili tofauti. Kwa istilahi za isimu, agizo ni kauli, na mchezaji ndiye muktadha wake.

3.0 Ulinzi kama Upatanisho

Ubora wa mchezo huu unaonekana pale timu inapoanza kufungwa. Tuseme meneja ana mabeki wa kati wenye nguvu lakini wazito wa mbio, na anafungwa kwa mipira inayopenyezwa nyuma yao. Jibu la haraka ni kuwaamuru wakabe kwa nguvu zaidi. Matokeo huwa ni kadi, na nafasi wazi nyuma ya kila beki aliyejitupa akakosa. Tatizo halikuwa ukali. Lilikuwa umbali.

Meneja akilitambua hilo, anaushusha mstari wa ulinzi karibu na lango lake. Mipira ya nyuma inapungua, ila kama washambuliaji wake bado wameagizwa kuanza kukaba katika nusu ya wapinzani, timu inakatika vipande viwili. Viungo wa upande wa pili wanapata uwanja mpana wa kugeukia kati ya mabeki waliorudi na washambuliaji waliopanda. Inambidi basi aushushe pia mstari wa kuanzia kukaba. Sasa timu imekusanyika, katikati pamefungwa, na wapinzani wanalazimika kupitia pembeni na kumwaga krosi. Hapo panazuka swali jingine: winga na beki wa pembeni watoke kuizuia krosi isipigwe, au waiache ipigwe kwa kuwa mabeki wa kati ni hodari wa mipira ya juu? Mchezo una maagizo ya njia zote mbili, na jibu linategemea alama za wachezaji walewale aliokuwa nao tangu mwanzo.

Mnyororo huu unafanana na upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili. Nomino ikihama kutoka ngeli moja kwenda nyingine, kivumishi, kitenzi na kionyeshi vyote huhama nayo, na kimoja kikisahaulika sentensi nzima huyumba. Vivyo hivyo, mstari wa ulinzi ukipanda ili kuwatega washambuliaji waotee, beki mmoja akibaki nyuma anawahalalisha wapinzani wote. Kosa lake linavunja maana ya walichofanya wenzake watatu, hata kama wao wamelitii agizo kikamilifu. Mchezo unafundisha jambo hilo bila kulitangaza, na hapo ndipo unapowazidi wachambuzi wengi wanaomtwisha beki wa mwisho lawama yote ya bao.

4.0 Kauli ya Kutendea Uwanjani

Kwa Kiingereza, mahali ambapo timu inaanzia kukaba pametengewa istilahi ya nomino iliyoundwa kwa kuunganisha maneno kadhaa. Mfasiri anayeikabili istilahi hiyo hushawishika kuitafsiri neno kwa neno na kuzaa fungu zito ambalo hakuna shabiki atakayelitumia. Mashabiki na wachambuzi wanaozungumza Kiswahili wamekwisha kulitatua suala hilo kwa njia nyingine. Husema timu fulani "inakabia juu".

Kiambishi cha kutendea katika kitenzi "kukabia" hakina hapa maana ya kumfanyia mtu jambo. Kina maana ya mahali, kama katika "amefia ugenini". Kitenzi kimoja kinabeba tendo pamoja na eneo la tendo, na kielezi kinachofuata kinapima kimo chake: kukabia juu, kukabia katikati, kukabia chini. Ngazi hizo tatu zinalingana na ngazi kuu ambazo meneja huchagua katika ukurasa wa mbinu. Tofauti ni kwamba Kiingereza cha mchezo kimeufanya mstari kuwa kitu kinachosogezwa, ilhali Kiswahili kinawaweka watenda mbele. Mstari haukabi; wachezaji ndio wanaokabia mahali.

Tofauti nyingine ambazo mchezo unazihitaji zinapatikana kwa njia hiyohiyo. Katika matoleo mengi, jozi ya mabeki wa kati inaweza kugawiwa kazi: mmoja atoke kumkabili mshambuliaji mapema, mwingine asalie nyuma kumfunika mwenzake. Kiswahili hakihitaji majina mapya ya vyeo. "Mmoja anatoka, mmoja anafunika" ni maelezo kamili, na yana faida ya kuonyesha kwamba kazi hizo mbili zinategemeana. Kadhalika, "kukaba mtu" na "kukaba eneo" zinatenganisha falsafa mbili za ulinzi kwa kubadili yambwa pekee.

5.0 Komeo na Basi

Tangu toleo la 2019 mchezo umeweka mitindo iliyotayarishwa ambayo meneja anaweza kuichukua kama ilivyo. Miwili kati yake ni ya kujihami kabisa. Mmoja una jina la Kiitaliano, Catenaccio, lenye maana ya komeo. Mwingine unatokana na kauli ya kuegesha basi mbele ya lango, ambayo José Mourinho aliipa umaarufu mwaka 2004 alipolalamikia mchezo wa Tottenham Hotspur.

Katika Kiswahili, "kupaki basi" kumemeza kila aina ya ulinzi wa chini, na mara nyingi kunatamkwa kwa dharau. Mchezo unawatenganisha ndugu hawa wawili, na utengano huo una msingi wa kihistoria. Inter Milan ya Helenio Herrera, iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965, ilikuwa na Armando Picchi nyuma ya wakabaji ili kufagia kilichowaponyoka, na ilishambulia kwa kushtukiza. Iliposhindwa 2–1 na Celtic jijini Lisbon mwaka 1967, kilichoshindwa kilikuwa mfumo wenye kanuni zake, si woga mtupu. Mhakiki anayeuita kila ulinzi wa chini basi anajinyima uwezo wa kueleza kwa nini mmoja ulihimili na mwingine ukabomoka. Neno "komeo" lipo, na lingefaa kupewa kazi.

6.0 Upungufu wa Mchezo

Pamoja na sifa hizo, mchezo una pengo katika jambo lilelile unalolitegemea, yaani lugha. Safu ya ulinzi uwanjani hushikamana kwa sauti: panda, geuka, mwache, wangu. Katika mchezo huu, mawasiliano ni alama maalumu ya kipa. Mabeki wana alama za ushirikiano na uongozi, lakini hakuna alama inayopima namna wanavyosemezana. Upatanisho unatokea au unavunjika bila meneja kusikia nani alinyamaza. Hivyo anajifunza muundo wa sentensi bila matamshi yake.

Upungufu wa pili unatokana na mitindo hiyo iliyo tayari. Meneja anaweza kushinda kwa kunakili mpangilio wa mwingine bila kujua kwa nini unafaa, kama mwanafunzi anayekariri insha ya mfano. Ushindi wake hudumu mpaka beki mmoja aumie, na hapo hana sarufi ya kutungia sentensi nyingine.

7.0 Hitimisho

Meneja wa Kampala huusoma mchezo huu kwa Kiingereza. Wa Bujumbura au Bukavu anaweza kuusoma kwa Kifaransa. Wakikutana kujadili kwa nini timu zao zinafungwa, lugha inayoweza kuwaunganisha ni Kiswahili, nayo itawafaa iwapo istilahi zake zinatamkika. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba kazi ya waunda istilahi za michezo haianzi kwenye orodha ya nomino za kigeni. Inaanza kwenye vitenzi ambavyo wazungumzaji wamekwisha kuvinyambua wenyewe, na "kukabia" ni ushahidi mmojawapo. Kamusi ikikiingiza kitenzi hicho pamoja na maana yake ya uwanjani, beki naye atakuwa amepata mahali pa kutajwa kabla hajakosea.