Kicheko cha Pili

Katika Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, hapa Juba, kichekesho kimoja huchekwa mara mbili. Mchekeshaji anatamka neno lake kwa Kiarabu cha Juba, na waliokulia mjini wanaangua kicheko papo hapo. Kisha ukumbi unavuta pumzi. Katika pumzi hiyo vichwa vinainamiana: aliyelelewa kambini Kakuma anauliza amesema nini, aliyesomea Kampala anamgeukia jirani, na mwenyeji anamnong'onezea shemeji yake aliyeingia mjini juzi. Halafu ukumbi unacheka tena, na wale wa kwanza, wakiwasikia wenzao, wanaanza upya kana kwamba hawakuwahi kucheka.

Jukwaa hilo ndilo lililolea Kilkilu Ana, onyesho ambalo jina lake ni sawa na kusema "nitekenye", na lililojaza watu wakati nchi ingali katika vita vilivyozuka Desemba 2013. Wachekeshaji wake wamesifiwa, na sifa hizo ni haki yao. Mimi nataka kusifu kazi ya watu wasiopigiwa makofi: yule anayekaa na mswada kabla taa hazijawashwa, na yule anayekaa na picha baada ya taa kuzimwa. Kichekesho kikishatoka ukumbini kwenda kwenye televisheni au simu, hao wawili ndio wanaoamua kama kicheko cha pili kitaishi.

Tuanze na mswada. Tuseme waandishi wameketi na wazo hili: kijana aliyekulia Nairobi amerudi Juba kuposa. Wazee wanataka ng'ombe mia. Kijana, aliyezoea kulipia kila kitu kwa simu, anauliza kama anaweza kutuma ng'ombe hao kwa simu. Mzee anapaswa kujibu. Katika andiko la kwanza mzee husema maneno mengi: "Kama wewe unaweza kututumia ng'ombe kwa njia ya simu, basi na sisi tutakutumia binti yetu kwa njia hiyohiyo ya simu." Maana ipo, lakini hakuna atakayecheka, kwa sababu msikilizaji ameshafika kabla ya mzee kumaliza. Mwandishi mzoefu anafuta. Inabaki: "Tuma. Nasi tutakutumia binti kwa simu." Imekaribia, ila bado ina kasoro. Neno linalochekesha ni "binti", nalo limekaa katikati. Watu wakianza kucheka hapo, maneno yanayofuata yanazama chini ya kelele, na aliyekaa nyuma hajui kilichosemwa. Kwa hiyo linasogezwa mwisho: "Tuma. Nasi kwa simu hiyohiyo tutakutumia binti."

Kwa sentensi moja ya namna hiyo watu wazima wanaweza kubishana mchana kutwa, na sioni kama ni kupoteza muda. Mwandishi wa riwaya ana msomaji anayeweza kurudi nyuma ukurasa mmoja. Mwandishi wa vichekesho hana msomaji. Ana sikio linalosikia mara moja tu. Ndiyo maana mswada wa vichekesho husomwa kwa sauti mezani, kila mmoja akichukua nafasi ya mhusika, na anayeandika anasikiliza vicheko badala ya kusikiliza sifa. Mezani hapa Juba kuna kazi ya ziada. Nchi hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa na makabila 64, na Kiarabu cha Juba, ndugu wa karibu wa Kinubi kinachosemwa Kibera, Kenya, na Bombo, Uganda, ni mali ya wote bila kuwa lugha ya mama ya wengi wao. Kichekesho kikichekwa na nusu ya meza, swali la mwandishi ni moja: nusu ipi? Kama waliocheka ni wale tu wanaojua mzaha fulani wa mtaa wa Munuki au wa soko la Konyokonyo, mtego haujategwa vizuri. Kuna taarifa iliyokosekana mapema, na inabidi irudishwe kwa ujanja, labda kwa jambo dogo analolitenda mhusika dakika moja kabla, ili kila mtu afike kwenye neno la mwisho akiwa na mzigo uleule.

Sasa picha. Televisheni za upande wetu wa dunia hurithi kipimo cha fremu 25 kwa sekunde, na mhariri wa vichekesho huishi ndani ya fremu hizo. Rudi kwa mzee wetu. Kijana ameuliza kama anaweza kutuma ng'ombe kwa simu, mzee anamtazama. Amtazame kwa muda gani? Mhariri akimpa fremu kumi, jibu linatoka haraka na mzee anaonekana kama mtu aliyekariri. Akimpa fremu hamsini, sekunde mbili nzima, tunamwona mzee akifikiri, tunaanza kumwogopa, na hofu hiyo ndogo ndiyo inayopasuka kuwa kicheko. Akimpa mia, mtazamaji anadhani mwigizaji amesahau maneno. Kati ya hamsini na mia kuna mahali sahihi ambapo hakuna kitabu kitakachokuonyesha. Mhariri anacheza kipande, anaondoa fremu tatu, anacheza tena, anarudisha moja. Fremu tatu ni kasoro kidogo ya sehemu ya nane ya sekunde. Jicho la kawaida halizioni. Mbavu zinazihisi.

Kisha kuna suala la nani aonekane. Mwanagenzi humwonyesha anayesema, kwa sababu ndiye anayesema. Aliyekomaa huacha sauti ya mzee iendelee na kumpeleka mtazamaji kwa mtu mwingine: kwa mama wa binti anayekaza midomo asicheke mbele ya wakwe, au kwa binti mwenyewe, mlangoni, ambaye simu yake imewaka mwanga. Maneno ni yaleyale, lakini sasa yana mtu wa kuyapokea, na mtazamaji aliyeko nyumbani anapata mwenzake wa kucheka naye. Wakati mwingine sauti hutangulia na picha hufuata. Tunamsikia kijana akigugumiza kabla hatujauona uso wake, na tunapofika usoni tayari tumeshamhurumia. Hizi zote ni fadhila anazotendewa mtazamaji na mtu asiyemjua.

Kazi hii ina ukoo. Mwaka 1951, kipindi cha I Love Lucy kilipoanza kule Marekani, kilipigwa kwa filamu na kamera tatu kwa pamoja mbele ya watazamaji halisi, chini ya usimamizi wa picha wa Karl Freund. Mhariri Dann Cahn alijikuta na mikanda mitatu ya tukio moja, akafanya kazi kwa mashine iliyoweza kuionyesha yote sambamba, ambayo ukubwa wake uliifanya ibandikwe jina la dubwana la vichwa vitatu. Faida yake ilikuwa kwamba kicheko cha ukumbi na uso wa aliyekisababisha vilinaswa katika dakika ileile. Leo mhariri wa Juba huwa na kompyuta moja, kamera mbili au tatu ambazo pengine hazilingani rangi, na jenereta inayonguruma nje ya dirisha. Lakini anachokitafuta ni kilekile alichokitafuta Cahn.

Kutoka Marekani hiyohiyo ulitoka pia mkato wa njia ambao ninaupinga kwa moyo wote. Fundi sauti Charley Douglass alitengeneza, miaka ya 1950, mashine iliyohifadhi vicheko vya watu na kuvitoa kwa kubonyeza vitufe, na televisheni ya dunia ikajizoesha kuvimwaga popote palipopwaya. Nchini kwetu kishawishi ni kikubwa, maana vicheko vya namna hiyo vinapatikana bure mtandaoni. Lakini kicheko cha kubandikwa hucheka mara moja, kwa wakati mmoja, kwa lugha isiyo ya mtu. Hakina ile pumzi ya kunong'onezana. Mhariri anayekibandika juu ya watazamaji wa Nyakuron amewafukuza ukumbini watu waliokuja kwa miguu yao, akaweka wageni ambao hawajui hata mji huu uko wapi.

Na hapa ndipo mhariri anapokutana na saa. Kipindi cha nusu saa hakirefuki. Kicheko cha pili, pamoja na pumzi inayokitangulia, kinaweza kula sekunde nane. Katika vichekesho thelathini hizo ni dakika nne, nafasi ya mchekeshaji mzima. Hesabu inasema kata. Kwenye skrini pumzi ile inaonekana kama tundu: sauti imeshuka, mchekeshaji amesimama kimya, hakuna linalotokea. Mimi nasema hapo ndipo linapotokea jambo kuu kuliko yote ya jioni ile. Mtu wa kabila moja anamfafanulia mtu wa kabila jingine ili wacheke pamoja. Mhariri bora hukata maneno ya mchekeshaji kwanza, hata vichekesho vizima vilivyo vizuri, ili pumzi hiyo ipone. Hupeleka kamera ya pili kwa watu wenyewe, waonekane wakiinamiana, na mara tundu linakuwa tukio.

London imeshayaona hayo. Mei 2012, chini ya mwaka mmoja baada ya uhuru wa 9 Julai 2011, kikundi cha South Sudan Theatre Company kilicheza Cymbeline ya Shakespeare katika ukumbi wa Globe, kwa Kiarabu cha Juba, kwa tafsiri ya Joseph Abuk. Wengi ukumbini hawakuijua lugha ile, na maandishi yaliyowekwa yalieleza muhtasari wa kila onyesho tu, bila kufuata mstari kwa mstari. Katika hadhira ya namna hiyo anayeelewa hutangulia kucheka, na asiyeelewa hufuata kwa kuusoma mwili wa mwigizaji na uso wa jirani. Waigizaji wetu walikwenda Ulaya wakiwa na ujuzi huo tayari. Kila mchekeshaji wa Juba anazaliwa nao.

Lakini kukata kuna upande mwingine, mzito zaidi. Afrika Mashariki imezoea kucheka makabila na wakubwa wake. Redykyulass ya Kenya ilimwigiza Rais Moi angali madarakani. The XYZ Show, iliyoanza 2009 kwa wazo la Gado, Mtanzania mwenye makao Nairobi, ikawageuza viongozi kuwa vinyago vya mpira. Churchill ya Daniel Ndambuki ikafanya lafudhi za watu kuwa karamu ya taifa. Juba inayapenda hayo, na wengi wetu tuliyatazama tukiwa uhamishoni. Ila mzaha wa kabila uliosemwa jukwaani una ulinzi wake: msemaji ameanza kwa kulicheka kabila lake, ametabasamu, amegusa kifua. Ukikata hayo ya mwanzo kwa ajili ya kuokoa muda, kinachobaki kwenye kipande cha sekunde ishirini ni tusi. Januari 2025 tuliona kile ambacho picha zinaweza kufanya: video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, zilienea, fujo zikazuka hapa Juba, Wasudani wakauawa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na mitandao ya kijamii ikafungwa kwa siku kadhaa. Zile zilikuwa picha za ukatili, wala hazilingani na vichekesho hata kidogo. Hata hivyo mhariri anayefanya kazi katika mji huo anajua kwamba kila kipande anachokitoa kitasafiri peke yake, bila mtu wa kukisindikiza. Kwa hiyo huusindikiza mzaha: huacha tabasamu, huacha ile mizaha ya kujicheka iliyotangulia, na pale ambapo haviwezi kuingia pamoja, huuacha mzaha wenyewe ubaki ukumbini ulikozaliwa. Uamuzi huo hauonekani na mtu yeyote, na mji unaishi ndani yake.

Ugumu wa ndani kabisa wa kazi hii ni uchovu wa sikio. Mhariri akikisikia kichekesho mara ya arobaini, hakimchekeshi tena. Ni kelele tu zenye umbo. Waangalifu hujiwekea dawa mapema: mara ya kwanza wanapotazama picha ghafi hawagusi kitu chochote isipokuwa kuweka alama pale walipocheka. Baadaye, usiku wa manane, wakishindwa kujua kama fremu tatu zile zibaki au ziondoke, wanaziamini alama. Mtu anaiamini nafsi yake ya jana kuliko ya leo, kwa sababu ya jana ilikuwa bado mtazamaji. Najua kazi chache zinazodai unyenyekevu wa kiasi hicho kwa malipo madogo kiasi hicho.

Na mswada haufungwi kipindi kikishatoka. Waandishi wenye bidii huenda kwa mama wa chai kando ya barabara, wanaketi kwenye viti vya plastiki pamoja na madereva wa bodaboda, na wanasikiliza watu wakisimuliana kipindi cha jana. Mara nyingi msimuliaji amekikosea. Ameruka maneno mawili, amempa mzee jina la mjomba wake, ameongeza kwamba binti alipotumwa kwa simu mtandao ulikatika njiani, na waliomzunguka wanacheka kuliko ukumbi ulivyocheka. Mwandishi anatoa daftari. Wiki ijayo mzee atarudi, na mtandao utakatika.