Jedwali Moja, Milango Miwili

Waambie waandishi wa programu wa siku hizi kwamba tovuti mbili zinachangia jedwali moja la hifadhidata, uone watakavyokunja uso. Wamefundwa kwamba kila programu iwe na hifadhidata yake, na anayehitaji taarifa za jirani abishe hodi, aombe, apewe. Ushauri huo una maana pale penye timu nyingi zisizojuana hata kwa sura. Lakini chuo kidogo chenye seva moja na fundi mmoja hakina haja ya kujengewa ukuta kisha kutobolewa dirisha ukutani.

Tena jedwali lilizaliwa kwa ajili ya wengi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyozaa hifadhidata tunazozitumia leo, na suala la kuchangia data amelitaja tangu kwenye kichwa cha makala. Alitaka programu zisilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine, ili mpangilio ukibadilika zisiharibike.

Ustadi wa kuchangia jedwali unaonekana kwenye mambo madogo. Chukua WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Tovuti yake moja huanza na majedwali 12, yote majina yake yakitanguliwa na kiambishi, kwa kawaida wp_. Tuseme chuo kina tovuti ya habari, na sasa kinataka ya kozi itakayowatambua watumiaji walewale. Ya pili inawekwa kwenye hifadhidata hiyohiyo kwa kiambishi chake, tuseme kozi_, kisha katika faili lake la wp-config.php inaongezwa mistari miwili, CUSTOM_USER_TABLE na CUSTOM_USER_META_TABLE, inayoelekeza kwenye majedwali ya watumiaji ya tovuti ya kwanza. Basi. Mengine yote kila tovuti inabaki na yake, na hasa lile la mipangilio, ambamo anwani ya tovuti imeandikwa: ukilichangia hilo, tovuti zote mbili zitadai kuishi kwenye anwani moja.

Mistari miwili tu, lakini kazi ndiyo kwanza imeanza. Mwalimu anaingia kwenye tovuti ya kozi kwa nywila yake ya siku zote, anapokelewa, halafu anaambiwa hana ruhusa. Cheo chake kimehifadhiwa kwenye jedwali la taarifa za ziada chini ya jina linaloanza na kiambishi: wp_capabilities kwa tovuti ya habari, kozi_capabilities kwa ya pili, na huku hakuna aliyemwandikia kitu. Wengi huona hiyo ni kero, wakatafuta namna ya kunakili vyeo vyote kwa mkupuo. Mimi naona ni mpaka uliowekwa kwa akili. Mtu anajulikana kote, madaraka anapewa na kila nyumba kivyake. Mhariri wa habari akasahihishe mitihani ya nani?

Nywila nazo zina mtego wake. Toleo la 6.8, lililotoka Aprili 2025, lilibadilisha namna ya kuzificha, na mtumiaji wa zamani anapoingia, nywila yake hufichwa upya kwa mtindo mpya. Sasa tovuti moja ikipandishwa toleo na nyingine ikaachwa nyuma, mtu ataingia asubuhi kwenye ile mpya, na mchana ile kuukuu itamkana, kwa sababu haiwezi kusoma kilichoandikwa na mwenzake. Wapangaji wanaochangia mita moja ya umeme wataielewa hali hii haraka kuliko wahandisi. Wanaochangia jedwali hupandishwa toleo siku moja.

Hatari kubwa zaidi ni kufuta. Msimamizi wa tovuti ya kozi akimfuta mtumiaji, jina linaondoka kwenye jedwali la wote. Makala alizoandika mtu huyo kwenye tovuti ya habari zinabaki zikielekeza kwa mwandishi asiyekuwepo, na hifadhidata hainung'uniki, maana WordPress haikuyafunga majedwali yake kwa funguo za kigeni zinazozuia mambo ya namna hiyo.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi anayejua kazi. Hakimbilii kuandika onyo kwa herufi kubwa, wala hamwombi msimamizi awe mwangalifu. Anaipa kila tovuti akaunti yake ya kuingilia kwenye MySQL, programu inayotunza hifadhidata hiyo, kisha kwa amri ya GRANT anairuhusu tovuti ya kozi kusoma, kuongeza na kurekebisha jedwali la watumiaji. Kufuta hataji kabisa. Kwa amri hiyohiyo angeweza kushuka hadi kwenye safu wima mojamoja, barua pepe isomwe tu, jina la kuonyeshwa lirekebishwe. Msimamizi akibonyeza kitufe cha kufuta, ombi linakataliwa na hifadhidata yenyewe, na litakataliwa vilevile hata tovuti ya kozi ikiandikwa upya na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, mradi akaunti ni ileile.