Betri Ikae Wapi? Uhandisi wa Magari ya Kifahari ya Wazi Yanayotumia Umeme

Kusanifu gari la michezo huanza na nyonga za dereva. Zikikaa chini, karibu na lami, mengine yote hupangika: boneti hulala, kitovu cha uzito hushuka, na gari linapoingia kona dereva hulihisi likigeuka pamoja naye. Zikipandishwa sentimita chache tu, utamu huo hupungua, na hata mota iwe na nguvu kiasi gani haiwezi kuurudisha.

Hapo ndipo umeme unapoleta shida yake ya kwanza. Kwa miaka zaidi ya kumi watengenezaji wengi wameilaza betri sakafuni, bapa, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwa gari la familia lililoinuka, mpango huo ni mzuri. Abiria wenyewe hupenda kukaa juu. Kwa gari la paa la kukunja, ambalo mnunuzi wake amelipa pesa nyingi ili akae karibu na barabara huku upepo ukimpita kichwani, betri yenye unene wa sentimita 10 au zaidi chini ya kiti humwinua mtu ambaye hakutaka kuinuliwa.

Maserati ilikataa mpango huo ilipounda GranCabrio Folgore, gari lililozinduliwa Rimini, Italia, Aprili 2024. Umbo lilikuwa limeshaamuliwa, kwa kuwa bodi ni ileile ya GranCabrio Trofeo, toleo la petroli lenye injini ya V6 ya lita 3 iitwayo Nettuno: boneti ndefu, viti vinne, siti za mbele chini kabisa, paa la kitambaa linalofunguka kwa sekunde 14 hata gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kati ya siti kuna handaki ambamo, katika toleo la petroli, hupita propela shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Gari la umeme halihitaji shafti hiyo. Wahandisi wakaichukua nafasi hiyo, wakaunda betri yenye umbo la herufi T, na seli zake wakazipanga zaidi kando ya siti kuliko chini yake.

Faida ya kwanza ni kwamba dereva amebaki pale pale alipo mwenzake wa petroli. Faida ya pili haionekani kwa macho lakini huhisiwa kwenye usukani: uzito mkubwa wa gari umekusanyika katikati, karibu na mhimili ambao gari hugeukia. Mtu aliyebeba mzega wenye ndoo mbili za maji hugeuka kwa shida, ndoo zikitaka kuendelea na safari yao. Aliyeukumbatia mzigo uleule kifuani hugeuka upesi. Gari lenye uzito katikati hufuata usukani kwa namna hiyo ya pili, na kwa dereva anayependa kona, jambo hili lina thamani kubwa kuliko mamia ya nguvu za farasi zinazotajwa kwenye matangazo.

Nguvu zenyewe hazikosekani. Folgore ina mota tatu, moja mbele na mbili nyuma, na kwa pamoja hufikisha nguvu za farasi 818 kwa kipimo cha Marekani. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde 2.8, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 290 kwa saa. Takwimu hizi ndizo zinazorudiwa kila mahali, ilhali kilichofanywa vizuri zaidi ni mpangilio wa zile mota mbili za nyuma. Kila gurudumu la nyuma lina mota yake. Difu ya kawaida, yenye meno ya chuma yanayogawa nguvu kati ya kulia na kushoto, imeondolewa kabisa. Kazi yake inafanywa na kompyuta inayoamua, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kila gurudumu lipewe kiasi gani. Gari likikata kona kwenda kushoto, gurudumu la kulia husukumwa zaidi, na msukumo huo wenyewe hulisaidia gari kugeuka. Wahandisi wa magari ya mbio wamehangaika na difu za aina nyingi kutafuta matokeo kama hayo. Kwa umeme yamepatikana bila klachi wala gia za ziada, na yanapatikana papo hapo.

Kisha kuna utulivu, ambao pengine ndio sababu nzito kuliko zote za kutaka gari la wazi la umeme. Paa likiwa wazi, gari la petroli humletea dereva kila kitu kwa pamoja: mngurumo, mtetemo, harufu ya moshi kwenye foleni. Mota ya umeme huondoa hayo. Katika barabara ya kijijini, kwenye mwendo wa kilomita 40 hadi 80 kwa saa, husikika ndege, maji ya mto, matairi juu ya changarawe, na mazungumzo ya abiria bila mtu kupaza sauti. Mwendo ukizidi kilomita 100 upepo hutawala na tofauti hiyo huyeyuka. Kwa hiyo sifa bora ya gari hili hupatikana katika mwendo ambao hauhitaji hata robo ya nguvu zake, na inasikitisha kuona wauzaji wakiendelea kulinadi kwa sekunde 2.8.

Maserati yenyewe haikuuamini sana utulivu huo. Imeliwekea gari sauti ya kutengenezwa, iliyotokana na mngurumo wa injini zake za zamani za V8, inayotoka kwenye spika. Anayependa magari kwa dhati huitambua mara moja. Mngurumo wa V8 ulikuwa na maana kwa sababu ulitoka ndani ya kitu kilichokuwa kikiwaka na kuzunguka. Ulimwambia dereva injini iko wapi na imebakiza nini. Sauti ya spika haimpi habari yoyote ambayo mgongo wake haujaisikia tayari.

Suala la gia ni gumu zaidi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu inapoanza kuzunguka, kwa hiyo magari mengi ya umeme yana gia moja tu ya kwenda mbele. Mkono wa dereva umenyang'anywa kazi. Hyundai ilijaribu kulijibu hilo mwaka 2023 katika Ioniq 5 N, gari ambalo si la wazi wala la kifahari, kwa kuiga giaboksi ya gia 8: programu hukata nguvu kidogo kila dereva anapobonyeza, gari hushtuka kama limebadilisha gia kweli, na likifikia ukomo wa gia hugoma kuongeza kasi hadi abadilishe. Ni maigizo, lakini yana kazi. Dereva anapoikaribia kona hujua kasi yake kwa sikio na kwa gia aliyoingiza, bila kutazama namba kwenye kioo. Kipimo hicho ndicho kilichopotea, na Hyundai imekirudisha kwa uangalifu kuliko waliotengeneza sauti peke yake.

Lakini mzigo mzito wa Folgore ni mzigo wenyewe. Gari lina kilo 2,340. Trofeo ya petroli, yenye bodi ileile, ina kilo 1,895. Tofauti ya kilo 445 ni sawa na kujaza viti vyote vinne, dereva akiwemo, na kubakiwa na mzigo wa ziada. Kila breki inapokanyagwa kuelekea kona, uzito huo lazima upunguzwe mwendo. Kila usukani unapokatwa, matairi manne yaleyale lazima yaubebe pembeni. Kompyuta na mota mbili za nyuma huficha sehemu ya tatizo hili. Haziwezi kuliondoa, kwa sababu mwishoni kila amri yao hupita kwenye mpira unaogusa lami, na mpira una kikomo.

Chanzo cha uzito ni betri kushika nishati kidogo kwa kila kilo. Betri ya Folgore ina uwezo wa kilowati-saa 92.5, na zinazotumika ni 83. Lita moja ya petroli ina takriban kilowati-saa 9. Maana yake, nishati inayotumika ya betri nzima ni sawa na ile iliyomo katika lita zisizofika 10 za petroli. Gari hufika kilomita 447 kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP kwa sababu tu mota ya umeme haipotezi nishati kama injini, ambayo sehemu kubwa ya nishati ya mafuta yake huishia hewani kama joto. Na mpango wa herufi T una gharama yake hapa: handaki haliwezi kumeza seli nyingi kama sakafu nzima, kwa hiyo kikao cha chini kimelipiwa kwa kilomita. Mfumo wa volti 800 hupunguza machungu, maana kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha betri hutoka asilimia 20 hadi 80 kwa dakika 18. Chaja za namna hiyo, hata hivyo, hukaa kwenye barabara kuu, huku starehe ya gari la wazi ikiwa kwenye njia ndogo za milimani.

Kukata paa nako kuna adhabu. Paa la chuma ni sehemu ya mifupa ya gari. Likiondolewa, bodi hutaka kujipinda, na fundi hulazimika kuimarisha sakafu na kingo za milango. Ndugu wa GranCabrio mwenye paa, GranTurismo Folgore, ana kilo 2,260 na hufika kilomita 325 kwa saa. Kwenye barabara kuu, paa likiwa wazi, upepo unaosokotwa nyuma ya kioo huongeza ukinzani, na ukinzani hula betri.

Mtu anaweza kudhani kwamba uzito huu ni lazima ya umeme. Tesla Roadster ya kwanza inashuhudia vinginevyo. Gari hilo, lililouzwa kati ya mwaka 2008 na 2012 kwa takriban nakala 2,450, lilijengwa juu ya chesisi ya alumini iliyotokana na Lotus Elise ya Uingereza. Betri yake ya kilowati-saa 53, yenye seli 6,831 za aina iliyotumika kwenye kompyuta za mapajani, ilikuwa na kilo zipatazo 450 na ilikaa nyuma ya siti, mahali palipokuwa na injini ya Elise. Gari zima lilikuwa na kilo karibu 1,300. Usukani haukuwa na msaada wa mota wala mafuta. Paa la kitambaa lilikunjwa kwa mkono. Mpango wa awali ulikuwa giaboksi ya gia mbili, lakini haikuhimili nguvu ya mota iliyokuja kwa mshtuko, ikaachwa na kuwekwa ya gia moja huku mfumo wa kudhibiti umeme ukiimarishwa. Lilifika maili 60 kwa saa kwa sekunde zisizozidi 4, na kwa kipimo cha Marekani lilikwenda takriban kilomita 390 kwa chaji moja. Kwa mpenda kona, Roadster ndiyo iliyolikaribia jibu zaidi, nayo ilitimiza hayo kwa kukubali ufinyu ambao mnunuzi wa gari la kifahari leo hawezi kuuvumilia.

MG Cyberster, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2024 chini ya mmiliki wake wa Kichina SAIC, limepita njia ya tatu. Betri yake ya kilowati-saa 77 imelazwa sakafuni, ikiwa imebanwa hadi unene wa milimita 110. Toleo la mota mbili lina nguvu za farasi zipatazo 500 na kilo 1,985. Lile la mota moja lina kilo 1,885. Bei ilianzia pauni 54,995, sehemu ndogo ya kile kinachodaiwa kwa Maserati, na milango yake hufunguka kwenda juu kwa umeme. Lakini waandishi wa magari waliolijaribu walirudia lalamiko moja: siti iko juu. Milimita 110 zilihesabiwa kwa ustadi, na bado nyonga za dereva zikazihisi.

Soko limekuwa na ubaridi. Maserati ilisafirisha magari 26,600 mwaka 2023 na 11,300 tu mwaka 2024, na Machi 2025 ikafuta toleo la umeme la MC20, gari lake la michezo la kasi kubwa, ikisema wateja hawalihitaji. Polestar 6, gari la wazi lililoahidiwa baada ya mfano wake wa mwaka 2022 kupendwa sana, limesogezwa mbele. Wanunuzi wa magari haya tayari wana gari la kila siku. Gari la wazi ni la Jumapili, na kwa Jumapili wengi bado wanataka injini.

Porsche ndiyo iliyolichimba suala hili kwa kina zaidi. Katika gari la majaribio la Mission R, lililoonyeshwa Munich mwaka 2021, iliweka betri nyuma ya dereva, mahali pa injini ya kati, kama Tesla ilivyofanya kwenye Roadster lakini kwa seli za kisasa na kupoza kwa mafuta, na ikausukuma mpango huo kuelekea Boxster ya umeme. Kisha Northvolt, kampuni ya Sweden ya kutengeneza betri iliyotegemewa kwa seli za gari hilo, ikafilisika Machi 2025. Miezi michache baadaye Porsche ikatangaza kwamba matoleo ya juu ya familia ya 718, ambayo Boxster imo ndani yake, yale yanayolengwa kwa madereva wakali hasa, yatapewa tena injini za petroli.