Gazeti, Vita na Suluhu ya Nyeri

Gazeti lina kazi mbili wakati wa vita. Ya kwanza ni kueleza yaliyotendeka. Ya pili ni kumwezesha msomaji kumfahamu adui yake kiasi cha kuweza kupatana naye siku moja. Kazi ya kwanza hutimizwa aghalabu. Ya pili ni nadra. Habari za Kenya katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ni ushahidi wa jambo hili, na mji wa Nyeri ni mahali pazuri pa kulipimia.

Tarehe 15 Januari 1954, Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, mkuu wa wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya, alikamatwa akiwa amejeruhiwa. Alishitakiwa Nyeri, akahukumiwa kunyongwa. Lakini huyo aliyengojea kitanzi aliombwa kuwa mpatanishi. Akawaandikia barua wenzake waliobaki msituni, na Gavana Evelyn Baring akamwondolea adhabu ya kifo, akampa kifungo. Mwishoni mwa Machi wajumbe wa wapiganaji walifika Nyeri kuzungumza na watu wa serikali. Tarehe 7 Aprili askari walipambana na kundi la wapiganaji, damu ikamwagika, na mazungumzo yakavunjika. Tarehe 24 Aprili msako mkubwa ulioitwa Anvil ulianza Nairobi.

Je, msomaji wa magazeti ya walowezi alikuwa ametayarishwa vipi kuipokea suluhu hiyo? Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa amesomeshwa kwamba waliomo msituni ni magaidi tu, watu wasio na shauri wala madai. Ardhi iliyochukuliwa, kipande kilichovaliwa shingoni, na ujira mdogo wa mashambani vilitajwa kwa uchache. Basi haishangazi kwamba kusamehewa kitanzi kwa Itote kuliwachukiza walowezi wengi. Mtu aliyeambiwa kila asubuhi kwamba jirani yake ni mnyama hawezi kuelewa kwa nini jioni anatakiwa kuketi naye mezani.

Kosa la pili lilikuwa katika hesabu ya misiba. Mauaji ya jamaa ya Ruck, wazazi na mtoto wao, mwezi wa Januari 1953, yalikuwa maovu, na yalistahili kuandikwa. Picha zake zilizunguka dunia. Lakini katika vita vile vyote raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau, kwa hesabu ya serikali, walizidi 1,800, na wapiganaji waliouawa walizidi 11,000. Wale wachache walipewa majina na sura. Hawa wengi walipewa tarakimu. Hata huko Lari, tarehe 26 Machi 1953, mauaji yaliyofanywa na Mau Mau yalitangazwa sana, na mauaji ya kisasi yaliyofuata yakatajwa kwa sauti ya chini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Kosa la tatu halikuwa la waandishi pekee. Mwaka 1952 serikali iliyapiga marufuku magazeti ya Waafrika, likiwamo Mumenyereri la Henry Muoria, lililosomwa sana na Wakikuyu. Mizani ikabaki na kitanga kimoja.

Yamkini mtu atasema kwamba mazungumzo yalihitaji siri, na kwamba kalamu haikufyatua risasi ya tarehe 7 Aprili. Maneno hayo ni kweli. Suluhu ya Nyeri ilivunjwa na bunduki na kutoaminiana, si na gazeti. Lakini siri ya mkutano ni jambo moja, na giza katika akili ya msomaji ni jambo jingine. Gazeti lingeweza kunyamaza juu ya majina ya wajumbe, huku likieleza wazi sababu za vita. Suluhu ilipoanguka, wasomaji wachache walijua kilichopotea.

Kasoro hii si ya Kenya peke yake. Waisraeli na Wapalestina walitia sahihi mapatano mjini Washington tarehe 13 Septemba 1993. Tarehe 4 Novemba 1995 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa na Mwisraeli mwenziwe aliyeyapinga. Mtaalamu Gadi Wolfsfeld, aliyechunguza habari za miaka hiyo, alionyesha kwamba gazeti hupenda jambo la ghafula, lenye kishindo, rahisi, na linalohusu watu wa kwao. Amani huenda polepole, haina kishindo, ina mafundo mengi, na hudai tumsikilize mgeni. Bomu moja hupata ukurasa wa kwanza. Miezi ya mazungumzo hupata pembe.

Mwaka 1956 Dedan Kimathi alipigwa picha karibu na Nyeri, amelala chini, amefungwa pingu, ili aonekane mhalifu aliyeshindwa. Leo Wakenya wengi huitazama picha ile ile kwa heshima, na chuo kikuu cha Nyeri kina jina lake. Picha haikubadilika, yaliyobadilika ni maelezo yanayoizunguka. Kwa hiyo, kijana msomaji, ushikapo gazeti lenye habari za vita, uliza: nani amepewa jina, nani amepewa tarakimu, na nani hakuulizwa neno? Msomaji asiyeuliza hayo husaidia kuvirefusha vita ambavyo hajavipigana.