Aliya kwa Njugu: Rojo Huingia Lini?

Aliya, nyama ya kukaushwa ya Waluo, haitaki pupa. Ile niliyoitazama ikipikwa Masara, Migori, ilikuwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyochanwa vipande virefu, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi ikawa ngumu kama ukanda. Mama mwenye jiko aliiroweka katika maji vuguvugu, akayamwaga maji hayo kwa sababu ya chumvi, ndipo akaibandika. Ikachemka polepole karibu saa mbili. Hapo hakuna kuharakisha: kano huyeyuka taratibu kuwa utelezi, na utelezi huo huupa mchuzi uzito kabla njugu hazijaguswa.

Migori na Homa Bay, hasa upande wa Ndhiwa, njugu zinalimwa kwa wingi, kwa hiyo mpishi ana nafasi ya kuchagua. Mama alichagua punje moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote nje. Nasisitiza hili kwa sababu sumu ya aflatoksini, inayoletwa na ukungu, haimalizwi kwa kukaangwa wala kuchemshwa; mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi. Punje mbovu hata kuku asitupiwe.

Zilizobaki zikakaangwa kavu kwa moto mdogo, zikasuguliwa maganda, zikapepetwa, zikatwangwa, kisha zikasagwa kwenye jiwe hadi unga ukashikana na kung'aa. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, ndiyo maana chupa ya mafuta haikufunguliwa siku hiyo. Vitunguu na nyanya viliivia ndani ya supu.

Wengi huharibu hapa. Njugu zikitiwa mapema huzama, hushika chini, na ladha ya kuungua haitoki tena. Zikitupwa bonge zima kwenye mchuzi unaotokota, hufanya madonge yasiyovunjika kwa mwiko. Mama alisubiri nyama ilainike kabisa, akachota supu ya moto na kuitia kidogo kidogo kwenye bakuli la njugu, akikoroga. Mwanzoni rojo lilikaza kuliko lilivyokuwa. Nikadhani limeharibika. Akaongeza supu, akakoroga, na mara likalegea, laini kama maziwa mazito. Maji machache hunywewa na chembe za njugu, nazo zikagandana. Yakizidi, chembe huachana na mafuta husambaa. Anayekata tamaa lile rojo likikaza ameacha kijiko kimoja kabla ya kufika.

Rojo likaingia chunguni. Kuni mbili zikatolewa, mwiko ukawa unakwangua chini bila kupumzika. Baada ya dakika kama 25, matone ya mafuta yenye wekundu wa nyanya yakaelea juu. Ndiyo dalili ya kuiva, na wapishi wa michuzi mingine ya njugu, binyebwa kule Uganda na mafe kule Senegal, huingoja hiyo hiyo.

Akaonja. Chumvi ya aliya ilikuwa imetosha. Akaipua, akabandika maji ya ugali.